Kula Bila Nyama Mjini Bhuj: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Afrika Mashariki

Msafiri anayeshuka Bhuj, makao makuu ya wilaya ya Kutch katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, hana haja ya kuuliza kama atapata chakula kisicho na nyama. Hicho ndicho chakula cha kawaida cha mji ule, na mwenye kutaka nyama ndiye anayelazimika kuulizia mtaa wa kwenda. Maswali yanayomfaa mgeni ni mengine: ale wapi, ale saa ngapi, na anayeketi naye mezani anafuata miiko gani. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu asiyekula nyama kwa hiari yake, na pia kwa yule anayeila nyumbani kwake lakini anakwenda kukaa Bhuj wiki moja au mwezi mzima, kwa biashara ya vitambaa, kwa kuliona jangwa la chumvi au kwa kumtembelea jamaa, na anaogopa kwamba atashinda na njaa. Hatashinda na njaa, ila ni vyema aingie na maarifa.

Kwanza, fahamu nani hali nini

Lugha yetu inaweza kumpotosha mtu hapa. Katika nyumba nyingi za Tanzania ukiuliza leo kuna mboga gani, unaweza kujibiwa kuwa ni dagaa, kwa sababu mboga ni kila kinachosindikiza ugali au wali. Na wapo kwetu wasiowahesabu samaki kuwa ni nyama. Bhuj mpaka umepita mahali pengine. Nyama, kuku, samaki na mayai viko upande mmoja; maziwa, mtindi, siagi, samli na jibini viko upande wa pili, pamoja na nafaka, kunde, matunda na majani. Yai ndilo linalowakosesha wageni wengi.

Katika safari yangu ya kwanza nilinunua mayai manne, nikayachemsha katika birika la umeme la nyumba ya wageni niliyofikia, nikiamini kwamba yai halimkeri mtu. Mama mwenye nyumba hakunigombeza. Aliliondoa birika lile, akaniletea jingine la kwangu peke yangu, akanieleza kwamba lile la kwanza lilikuwa likitumiwa pia na mahujaji waliopanga chumba cha pili, nao wasingeweza tena kunywa chai iliyochemshwa humo. Nilielewa siku ile ile kwamba kwa watu hawa chombo hubeba kilichopikwa ndani yake, kama ambavyo Mwislamu wa kwetu hatakubali kupikiwa katika sufuria iliyotoka kupikia nguruwe. Kwa hiyo usiingize mayai, wala nyama ya kopo, wala dagaa wakavu uliofungashiwa na mama nyumbani, katika chumba cha kupanga kabla ya kuomba ruhusa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mtu wa Gujarat haonji nyama. Uchunguzi wa serikali ya India wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya watu wa jimbo hilo wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawali nyama, maana yake wengine wote wanaila. Kutch ina Waislamu wengi, wakiwemo wafugaji wa nyanda za Banni kaskazini mwa Bhuj, na migahawa yao ipo katika mitaa yao. Lakini katika barabara kubwa za mji, kibao utakachokiona mara nyingi zaidi juu ya mlango ni kile kilichoandikwa "Pure Veg", na maana yake ni kwamba jiko zima la mgahawa huo haliingii nyama wala yai. Mgahawa unaopika vyote viwili unaweza kukupa sahani isiyo na nyama iliyopikwa vizuri kabisa, lakini mafuta ya kukaangia na miko inaweza kuwa ile ile. Mwenye kujali jambo hilo na aingie penye kibao.

Hata miongoni mwa wasiokula nyama kuna ngazi. Wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu, ambao hekalu lao kubwa la marumaru lilifunguliwa Bhuj mwaka 2010 baada ya lile la zamani kuharibiwa na tetemeko la tarehe 26 Januari 2001, hawali kitunguu maji wala kitunguu saumu. Wajaini, watu wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, wanakwenda mbali zaidi: hawali viazi, karoti, vitunguu, figili wala kitu chochote kinachong'olewa na mzizi wake, kwa sababu kukitoa ardhini ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyoushika, na wengi wao hawali baada ya jua kutua. Ndiyo maana mhudumu anaweza kukuuliza neno moja tu, "Jain?", kabla hajapeleka agizo lako jikoni. Haulizi dini yako. Anataka kujua kama upikiwe bila vitunguu na mizizi, na mahali pa viazi atakuwekea ndizi mbichi, jambo ambalo halitamshangaza mtu wa Bukoba. Ninashauri kila msafiri ajaribu chakula hicho angalau mara moja, kwa sababu mpishi aliyenyimwa vitunguu hulazimika kuutafuta utamu kwa njia nyingine, na mara nyingi anaupata katika mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali ambao kwetu hujulikana zaidi kama dawa ya watoto kuliko kama kiungo cha mchuzi.

Kwa vyakula vya pakiti kazi ni rahisi. Sheria ya India inataka kila pakiti iwe na alama: mraba wenye duara la kijani ndani yake kwa chakula kisicho na nyama, na mraba wenye alama ya rangi ya kahawia, zamani duara na sasa pembetatu, kwa chakula chenye nyama, samaki au yai. Angalia alama hiyo kwenye biskuti na keki, kwa sababu humo ndimo mayai hufichika. Asiyekunywa maziwa asiitegemee, kwa kuwa maziwa hupewa duara la kijani.

Mchana, keti mbele ya thali

Ukiwa na siku moja tu Bhuj, uitumie kula mlo wa mchana katika nyumba ya thali, yaani mgahawa wa mlo wa sahani moja kubwa yenye vyakula vingi. Fika kati ya saa tano na nusu na saa nane za mchana. Ukichelewa utakuta viti vimepandishwa juu ya meza, kwa sababu mji ule hulala alasiri na maduka mengi hufungwa. Nawa mikono kwenye sinki lililo ukumbini, kisha keti.

Huletewi orodha ya vyakula. Utakuta mbele yako sahani pana ya chuma cha pua yenye vibakuli vidogo vinne au vitano, na kabla hujakaa sawasawa wahudumu wanaanza kupita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na chombo chake. Wa kwanza anaweka chumvi, achari na kachumbari, na neno hilo la kachumbari utalisikia karibu kama tulitamkavyo sisi. Wa pili anajaza vibakuli: kimoja cha bamia au biringani, kimoja cha viazi, kimoja cha choroko au dengu, kimoja cha dali, yaani mchuzi mwepesi wa kunde, yenye ukali wa limau na utamu wa sukari guru. Wa tatu anakuletea kitafunwa cha moto, na wa nne kitu kitamu. Usikiweke kitamu hicho pembeni ukingoje umalize. Gujarat kitamu huliwa pamoja na chakula, tonge la pilipili na tonge la sukari yakipokezana. Mwisho huja yule mwenye mikate, naye ndiye utakayemwona mara nyingi zaidi, maana kila rotli inayoisha anaweka nyingine, laini, nyembamba, imepakwa samli na bado inatoa mvuke.

Kosa la mgeni ni kushiba katika dakika kumi za kwanza. Wali au kichri, yaani mchele uliopikwa laini pamoja na choroko, huja baada ya mikate, na ni sehemu kamili ya mlo, si nyongeza. Kwa hiyo mwanzoni pokea kidogo katika kila kibakuli, onja vyote, kisha omba tena kile ulichokipenda, kwa sababu katika thali nyingi bei ni moja hata ukirudia mara tano. Ukitosheka, tandaza kiganja juu ya sahani na useme "bas". Neno hilo ni ndugu wa "basi" yetu na maana ni ile ile, lakini sema kwa uthabiti, kwa sababu mhudumu aliyelelewa vizuri huamini kwamba "bas" ya kwanza ni adabu tu na hukuongezea nusu kijiko. Ya pili ataiheshimu. Kubakiza chakula ambacho wewe mwenyewe umekiomba kunachukiza sana. Bora ukatae mapema.

Kula kwa mkono wa kulia ni kawaida, na hapo mtu wa pwani yuko nyumbani. Tofauti moja ikumbukwe: mkono uliogusa chakula chako hauingii katika chombo cha wote, na kijiko kilichofika kinywani hakirudi bakulini. Chakula kilichoguswa na mdomo wa mtu mmoja kwa Kihindi huitwa "jutha", na mwingine hawezi kukila. Hata maji, yakiwa katika gudulia la pamoja, humiminwa kinywani kutoka juu bila midomo kugusa ukingo. Jizoeze kwanza ukiwa peke yako.

Maneno tunayofanana nayo, na yale yanayodanganya

Watu wa Kutch na watu wa pwani yetu wamejuana kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 ushuru wa forodha wa Unguja ulikusanywa kwa miaka mingi na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia, yaani mtu wa jamii ya wafanyabiashara wa Kihindu, kutoka Mundra, bandari iliyoko kusini mwa Bhuj, na Wabhatia ni watu wasiokula nyama. Majiko yetu yalijifunza mengi kutoka kwa majirani kama hao, na ndiyo maana Mswahili aingiaye soko la Bhuj atautambua uwatu, haradali, manjano na kotimiri hata kabla hajaambiwa majina yake.

Lakini vyakula hubadilika vikivuka bahari, na jina lililobaki lile lile linaweza kukuletea kitu usichokitarajia. Chapati ya kwetu, ya kusukumwa kwa mafuta na kukunjwa tabaka tabaka, kule huitwa paratha. Ukiomba chapati utapata mkate mwembamba usio na mafuta ndani. Kachori ya Dar es Salaam, yaani kiazi kilichopondwa na kuvikwa unga wa dengu, kule huitwa "batata vada". Kachori ya kwao ni duara la unga lililokaangwa hadi likakauka, lenye tumbo la viungo vitamu na vikali, na linaweza kukaa siku nyingi bila kuharibika. Sambusa utapewa yenye viazi na njegere, kubwa na ngumu kidogo kuliko yetu.

Kuna na maneno ya kuitana. Usimwite msichana anayekuhudumia "dada", kwa sababu kwa Kigujarati dada ni babu mzaa baba. "Kaka" nalo kwao ni baba mdogo, na kwa bahati njema ni neno zuri la kumwitia mwanamume wa makamo unayemheshimu. Mwanamume wa rika lako mwite "bhai" na mwanamke mwite "ben". Ukitaka kitu kiondolewe katika chakula chako, taja jina lake kisha useme "vagar", yaani bila: "dungri vagar" ni bila kitunguu maji, "lasan vagar" ni bila kitunguu saumu, "ghi vagar" ni bila samli. "Tikhu ochhu" ni kuomba pilipili ipunguzwe. Kihindi pia kinaeleweka na watu wengi, lakini mtu akisikia maneno mawili ya Kigujarati kutoka kwa mgeni aliyetoka Afrika, uso wake hukunjuka.

Jioni, simama kwenye dabeli

Jua likipungua ukali, mji huamka tena na mikokoteni ya dabeli huwasha majiko yake. Dabeli ni chakula cha Kutch hasa. Husimuliwa kwamba kilianzia Mandvi, mji wa bandari ulio karibu kilomita 60 kutoka Bhuj, katika miaka ya 1960. Neno lenyewe maana yake ni kilichobanwa.

Simama karibu uone inavyotengenezwa, kwa sababu mwenye mkokoteni akiwa hodari ni jambo la kupendeza macho. Hushika mkate mdogo, unaokaribia skonsi zetu, akaupasua pande mbili bila kuutenganisha kabisa. Upande wa kwanza hupaka urojo mweusi wa ukwaju na tende, upande wa pili hupaka pilipili nyekundu iliyosagwa na kitunguu saumu. Kati yake hukandamiza viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na bizari ya dabeli, ambavyo amevitandaza kwenye sinia na kuvipamba kama bustani kwa kotimiri na nazi iliyokunwa. Juu ya viazi hutupia karanga zilizokaangwa kwa viungo, vitunguu vilivyokatwa vidogo vidogo na punje chache za komamanga. Hapo huufunga mkate, huuweka kwenye tawa lenye siagi, huubana kwa kiganja na kuugeuza hadi uwe na ganda la dhahabu, kisha huchovya kingo zake zote katika tambi nyembamba za dengu. Ule papo hapo, ukiwa umesimama, kabla ganda halijalainika. Komamanga hupasuka mdomoni katikati ya pilipili, na hapo ndipo utaelewa kwa nini iliwekwa.

Chagua mkokoteni wenye watu wengi wanaongoja, na uupite ule ambao mikate yake imekwisha kujazwa na kupangwa. Asiyekula vitunguu aseme mwanzoni, kwa sababu ile pilipili nyekundu ina kitunguu saumu ndani yake.

Usiku na asubuhi

Mlo wa usiku ni mwepesi, na kwangu mimi ndio unaoonyesha Kutch yenyewe kuliko thali. Ardhi ya Kutch ni kavu, mvua ni chache, na nafaka iliyowalea watu wake ni uwele. Unga wake hukandwa kwa maji ya moto, hutandazwa kwa viganja viwili na kuokwa ukawa mkate mnene wenye rangi ya majivu uitwao rotlo. Huliwa na "olo", yaani biringani lililobanikwa motoni mpaka ngozi ikaungua, likamenywa na kupondwa kwa vitunguu na kitunguu saumu kibichi. Pembeni kuna kipande cha sukari guru, siagi nyeupe na bilauri ya "chas", ambayo ni mtindi uliopigwa kwa maji, chumvi na bizari nyembamba. Baada ya siku tatu za migahawa yenye jibini katika mchuzi mzito wa korosho na malai, ambayo utaikuta kila mji wa India na ambayo haihusiani na Kutch, mlo huo huupumzisha mwili. Msimu wake mzuri ni kuanzia Novemba hadi Februari, baridi inaposhika na biringani zinapokuwa tamu. Atakayefika Juni au Julai atafidiwa na tende za Kutch, ambazo huchumwa kabla mvua kubwa za kule hazijashika, zikiwa bado ngumu, nyekundu au manjano, na huliwa kama tufaha.

Asubuhi watu hula ganthia, yaani tambi nene za dengu zinazotolewa kwenye mafuta mbele yako, pamoja na papai bichi lililokunwa na pilipili nzima iliyokaangwa. Chai huja kidogo, tamu na nzito kwa maziwa. Wazee huimimina katika kisahani na kuinywa kutoka humo, kama nilivyomwona bibi yangu akifanya.

Siku za mfungo

Angalia kalenda kabla ya kusafiri. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mwezi wote wa Shravan, ambao huangukia kati ya Julai na Septemba, na siku tisa za Navratri, ambazo aghalabu huwa mwishoni mwa Septemba au Oktoba, Wahindu wengi hufunga kwa kuacha ngano, mchele na kunde. Migahawa huweka chakula cha mfungo kiitwacho "farali": viazi, karanga, mtindi, chumvi ya mawe, na vipunje vyeupe viitwavyo sabudana, ambavyo India hutengenezwa kwa wanga wa muhogo. Mgeni hakatazwi kukila, na ni chakula kizuri kwa tumbo lililochoka. Katika Shravan kuna pia siku iitwayo Shitala Satam, ambapo familia nyingi za Gujarat haziwashi jiko kabisa na hula vilivyopikwa jana yake. Ukialikwa siku hiyo ukapewa chakula baridi, usidhani umedharauliwa.

Siku nane za Paryushan za Wajaini, Agosti au Septemba, wengi wao hawali hata majani mabichi. Nje ya siku hizo, ukifika kwenye mahekalu yao, kama yale yaliyo upande wa Mandvi, uliza "bhojanshala", yaani ukumbi wa chakula wa mahujaji. Mgeni mwenye heshima hupokelewa, hulipa kiasi kidogo, na hula chakula safi kabisa. Masharti ni mawili: uwahi kabla ya jua kutua, na usibakize kitu sahanini. Utawaona baadhi ya wazee wakimimina maji kidogo katika sahani iliyoisha, wakaisuuza kwa kidole na kuyanywa maji hayo, ili isipotee hata punje.

Kulinda tumbo na afya

Kukosa nyama hakulindi mtu na kuhara. Kunywa maji ya chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, au yaliyochujwa mbele yako, acha barafu. Chakula kilichotoka motoni sasa hivi ni salama hata kando ya barabara, ilhali kachumbari iliyokaa, tunda lililokatwa tangu asubuhi na chutni ya maji maji si salama hata katika hoteli ya kifahari. Siku tatu za kwanza jiepushe na pani puri, yaani vile viduara vya unga vilivyokaangwa na kujazwa maji ya ukwaju, hata uvione vinavutia namna gani. Tumbo likiharibika, chumvi za kurudishia maji mwilini zinauzwa katika kila duka la dawa, na kichri yenye mtindi ndiyo chakula ambacho kila mama wa Bhuj atakushauri.

Mwenye mzio wa karanga achukue tahadhari kubwa, kwa sababu mafuta ya karanga ni mafuta ya asili ya jikoni mwa Gujarat, na karanga zenyewe husagwa ndani ya michuzi isiyoonekana kuwa nazo. Mwenye kisukari akatae kitamu tangu mwanzo, na akumbuke kwamba dali nayo ina sukari guru. Pombe usiitegemee: Gujarat imeikataza tangu jimbo lilipoundwa mwaka 1960, isipokuwa kwa mwenye kibali.

Ukialikwa nyumbani

Huenda ukaalikwa, na huenda ukaalikwa kwa Kiswahili. Katika vijiji vinavyoizunguka Bhuj, kama Madhapar, Baladia na Sukhpar, zimo familia za jamii ya Leva Patel ambazo watu wao walikwenda Kenya na Uganda kufanya kazi ya ujenzi na biashara, na bado wapo wazee waliorudi wakiwa na lugha yetu. Wahindi waliopata kuishi kwetu huuita muhogo "mogo", na sufuria huiita sufuria. Ukikutana na mzee wa namna hiyo, usikatae chai yake.

Nenda na matunda, au peremende za pakiti zenye duara la kijani. Keki iache, kwa sababu mwenyeji atalazimika kuuliza kama ina yai, na swali hilo linamtia haya. Vua viatu mlangoni. Usiingie jikoni bila kukaribishwa, kwa kuwa katika nyumba nyingi jiko na mahali pa sala ni vyumba vinavyopakana, wakati mwingine ni chumba kimoja. Mwenye nyumba wa kike huenda asiketi kula nawe. Atakuwa akisukuma rotli ili zikufikie moto, na njia ya kumheshimu ni kula kwa uchangamfu na kusifu kitu kimoja kwa jina lake.

Siku ya kuondoka mwambie akuelekeze mahali pa kununua "thepla". Ni mikate laini ya unga wa ngano uliokandwa kwa mtindi, manjano, pilipili na majani ya uwatu, na ikifungwa vizuri hukaa siku mbili au tatu bila friji. Treni kutoka Bhuj hadi Mumbai hutembea usiku kucha, na chakula kinachopitishwa na wachuuzi wa vituoni hakijulikani kimepikwa lini. Nunua kumi na achari ya embe, uombe zifungwe katika karatasi wala si katika mfuko wa plastiki, ambamo hutoa jasho na kuota ukungu, na uziweke juu ya mizigo mingine, si chini yake.